Pembe ya Mbolea

Jumatatu, 13 Januari

Nimevuta wavu mara tatu kabla ya chai, kama kila Jumatatu. Kando ya pembe ya mbolea, katikati ya kiziwa, bwawa letu la samaki, na pale maji yanapoingia. Wavu wenyewe ni pazia la zamani la chumba cha kulala, nimelishona kwenye duara la waya, chini nimefunga chupa. Majirani wanacheka. Wacheke tu.

Chupa ya pembe ya mbolea imejaa uhai. Viroboto vya maji vinarukaruka, hata bila lupu, kioo changu cha kukuzia, unaviona. Nimemimina kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe, nikahesabu, nikapita hamsini, nikaacha. Katikati ni nusu ya hapo. Pale maji yanapoingia, karibu bure. Kisha potopoto, tope la chini: minyoo myekundu, minono, inajinyonganyonga kwenye kidole. Safi kabisa.

Kwa hiyo ngege wetu wana chakula. Nilisema tangu siku ya kuwatia humu. Sijanunua hata mfuko mmoja wa chakula cha kiwandani. Mavi ya ng'ombe na majani yanaoza kwenye kona, ndani ya uzio wa vijiti. Maji yanageuka kijani. Vidudu vinakula ule ukijani. Samaki wanakula vidudu. Basi. Ndiyo kazi yangu ya kumaliza masomo, na nitaitetea pale insititi, chuoni kwetu, bila kutetemeka.

Baba amepita na mswaki mdomoni, akachungulia chupa. "Roza, ile njo supu yako ya leo?" Akajichekea peke yake mpaka chooni.

Jumatano, 15 Januari

Safari wa matofali amekuja tena. Bonde lote hili chini ya mji ni matofali, tanuru zinafuka kila upande, bado sehemu yetu tu. Anasema udongo wetu ni mzuri kupita wa wote. Anataka kukausha kiziwa, achimbe, afyatue, achome kabla mvua kubwa haijaanza. Atatulipa mabati mapya, nyumba nzima.

Paa letu linavuja. Bonde zima linajua.

Baba hakumkatalia. Hakumkubalia pia. Ameweka mkono wake juu ya meza, vidole vimenyooka. "Ngege ifike kutoka hapa mpaka hapa," akasema, akionyesha kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole kirefu. "Mbele ya Kwaresima. Ikifika, kiziwa inabakia. Isipofika, udongo ni ya Safari."

Nikasema sawa, papo hapo, kwa sauti. Baadaye ndiyo nikautazama ule mkono vizuri. Mkono wa mtu aliyevuta nyavu ziwani tangu utoto. Juu ya nini sikusema tupime kwa wangu?

Haidhuru. Watafika. Chakula kiko.

Jumamosi, 18 Januari

Kipimo cha kiwiko: nimezamisha mkono majini polepole, vidole vimepotea machoni maji yalipofika kiwikoni. Hivyo hasa ndivyo inavyotakiwa. Ukiona vidole mpaka begani, maji hayana kitu. Vikipotea mara moja, umezidisha mavi.

Nimevua wanne kwa ndoana, nikawapima, nikawarudisha. Kwa mkono wa baba bado upana wa vidole viwili. Wiki zinatosha.

Nimeona pia watoto wa kereng'ende wawili kwenye wavu, wakali, wenye taya. Hao wanakula samaki wachanga. Nimewatupa kwa kuku.

Jumapili, 19 Januari

Misa, kisha sombe ya majani ya muhogo na maharagi. Mchana mzima baba amekaa nyuma ya nyumba, mgongo kwa kiziwa.

Kila mara anakaa hivyo. Tangu tulipoacha ziwa, tukiwa na godoro moja na mama amekwisha kufa, hajasimama karibu ya maji. Kiziwa changu anakiita sahani. "Unachunga samaki mu sahani." Watu wanadhani ni mzaha. Inaniuma. Ningependa aje siku moja tu, asimame kando yangu, aangalie ndani.

Jumatano, 22 Januari

Mwalimu wangu wa insititi atakuja Jumatatu kuona mahali pa kazi. Yeye mwenyewe! Nataka avute wavu kwa mkono wake, aone chupa.

Nimemwambia baba wakati wa kula. Ameacha kula. "Mugeni? Wa masomo yako? Hapa kwetu?" Akatazama kuta, akatazama paa, akatazama viatu vyake. Nikamwambia hataingia nyumbani, anakuja kuona maji. Hakunisikia. Amelala akiwaza, nilisikia kitanda chake kikilia.

Jumamosi, 25 Januari

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilienda mjini kutoa karatasi zangu kwenye mashine. Umeme hakuna, foleni, umeme, tena hakuna. Nimerudi jua likiwa kichwani. Kutoka barabarani nasikia watu wanaimba.

Salongo. Kila Jumamosi avenyu yetu inafanya salongo, tunazibua mifereji, tunafagia. Leo baba ameileta kwetu. Amezunguka nyumba kwa nyumba: binti yangu iko na mugeni, mukuye tusafishe. Wamekuja wote, na majembe, na reki, na ndoo.

Uzio wa pembe ya mbolea wameng'oa. Mavi yote wamechota mpaka chini, wakagawana kwa mashamba yao ya maharagi. Majani ya ukingoni wamekwangua. Potopoto wameitoa kwa karai. Halafu wamefungua bomba la mianzi, maji ya zamani yakatoka zaidi ya nusu, wakaingiza maji mapya ya chemchemi. Naona mpaka chini. Naona kila samaki. Naona jiwe.

Na baba yuko ndani ya maji. Suruali imekunjwa mpaka magotini, jasho, reki mkononi, anacheka. Yeye ambaye hakukaribia maji miaka yote hii. "Roza! Sasa mugeni ataona kazi ya mutoto yangu, hapana ile uchafu."

Nikamwambia mbele ya watu wote: "Umeua kazi yangu."

Amenitazama, ameshusha suruali juu ya miguu iliyolowa, akaingia ndani. Watu wamekusanya majembe yao mmoja mmoja.

Jumapili, 26 Januari

Nimevuta wavu ingawa si Jumatatu. Pembe ya mbolea, ambayo sasa si pembe ya kitu: viroboto vitatu. Katikati: hakuna. Pale maji yanapoingia: hakuna. Chini wamebakiza udongo mgumu uliokwanguliwa, hakuna mnyoo. Mkono nimezamisha mpaka begani, vidole nikaviona vyote vitano, na kucha.

Tumeenda Misa, yeye mbele, mimi nyuma. Kwenye kupeana amani ya Kristo alinipa ncha za vidole.

Nimekasirika bado. Nimekasirika naye, nimekasirika na avenyu nzima, nimekasirika na umeme.

Jumatatu, 27 Januari

Mwalimu alikuja kwa moto, pikipiki ya kukodi, viatu vyeupe kwa vumbi. Baba amevaa koti la ndoa yake. Amesimama kando ya kiziwa kama mlinzi wa kanisa.

"Maji mazuri, muzee," mwalimu akasema. Baba aling'aa uso mzima.

Halafu wavu. Mwalimu amevuta mwenyewe, kama nilivyotaka. Akainua chupa kwenye jua. Akageuza. Akaweka jicho kwenye lupu. "Na hao wanyama wako wako wapi?"

Baba alikuwa nyuma yangu, nilisikia pumzi yake. Ningesema jina lake. Nilikuwa na haki. Nikasema: "Tulisafisha."

Mwalimu aliguna. Akasema kuna viziwa vingine, nichague kingine, muda uko mfupi. Nikamwambia sibadilishi. Nitatia mbolea upya, na kila wiki nitapima vidudu vikirudi. Maji yaliyokufa na kufufuka yatanifundisha kuliko yale yaliyokuwa mazima. Hilo lilitoka mdomoni kabla sijalifikiri, lakini ni kweli, na yeye alilipenda. "Unaweza?" Ninaweza. Nikamwonyesha samaki, nikamtengenezea chai, akaenda.

Baba amevua koti, amelikunja. Ndipo akauliza swali moja tu.

"Ile mavi njo ilikuwa chakula?"

Nikamweleza, mavi, ukijani, vidudu, samaki. Polepole, bila ukali. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Aa." Akaingia kulala na jua bado liko nje.

Jumanne, 28 Januari

Samaki wamejikusanya pale maji yanapoingia, midomo juu, wanafungua wanafunga. Wana njaa. Nimewatupia pumba kidogo, wameinyang'anyana. Siwezi kuwaangalia.

Mavi ya kwetu yako chini ya maharagi ya avenyu nzima. Siwezi kwenda kuchimbua maharagi ya watu. Nimepanda kilimani kwa Mama Esperansi, mwenye ng'ombe. Familia yake wafugaji tangu zamani, sijawahi kuingia uani kwake. Mavi ya kwanza nilinunua sokoni. Nikaomba. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Batu banakuya kuniomba maziwa. Weye unaomba mavi!"

Halafu akaniletea kikombe cha maziwa. Nikasema si hicho nilichofuata. Akasema kwake hakuna anayetoka na mkono mtupu wala na mavi matupu, ninywe. Nikanywa. Mavi amenipa, pusipusi mbili, mikokoteni ya kusukuma, zimejaa, na mengine nikitaka. Hataki malipo. "Kwaresima utanikumbuka na ngege."

Sasa na yeye nimemwahidi.

Jumatano, 29 Januari

Nimeamka nijenge uzio mpya. Nimekuta kazi imeanza.

Baba yuko kwenye kona, maji mpaka kwenye mapaja, anapigilia vijiti. Hakugeuka. "Vijiti vyako vilikuwa vinalegea," akasema. Anavifunga kwa kamba, mafundo yake yale ya nyavu, madogo, magumu, ya haraka. Sijaona mikono yake ikifunga mafundo hayo tangu nilipokuwa mtoto.

Nikasema: "Baba, unisamehe maneno ya Jumamosi." Akasema: "Nipe ile kamba ingine."

Tumemimina mavi pamoja. Anakunja pua, anamimina. "Kumbe kusoma kote kule njo kwa mambo haya." Nimecheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Jumatatu, 3 Februari

Siku ya kuvuta wavu. Pembe ya mbolea: viroboto vinane kwenye kijiko, vidogo. Katikati: viwili. Ni kidogo, lakini si bure. Maji yameanza kupata rangi ya majani machanga. Kiwiko: bado naona vidole mpaka karibu ya bega.

Safari ameleta kalibu yake, kisanduku cha mbao cha kufyatulia matofali, ameiegemeza ukutani kwetu. "Ianze kuzoea nyumba," anasema. Ana adabu ya kutosha kutabasamu. Baba ameiangalia ile kalibu, ameangalia paa. Sikupenda vile alivyoangalia paa.

Jumamosi, 8 Februari

Leo salongo tena. Watu wanne wamekuja na reki, kwa roho nzuri kabisa, wameona mavi yamerudi kwenye kona, wakaona aibu kwa niaba yetu. Baba amewawahi kwenye njia, mikono imetandazwa. "Hapa hapana! Hapa mukipitisha reki nitawatia mu maji na majembe yenu." Wamedhani amerukwa na akili. Mmoja akamuuliza: muzee, si weye ulituita? Akajibu: "Nilikuwa sijue. Sasa ninajua. Muende kwa mifereji."

Nilikuwa jikoni, nimejifunika mdomo na kitenge.

Jumatatu, 10 Februari

Pembe ya mbolea: thelathini na zaidi. Katikati kumi na sita. Wakubwa kwa wadogo, na majike wengi wana mayai mgongoni, nimewaona kwa lupu. Wakiwa na mayai, wiki ijayo sitahesabu, nitachoka. Maji yamekuwa kijani cha kweli. Kiwiko kinakaribia.

Potopoto: minyoo myekundu imerudi, michache, midogo bado. Nimechukua kumi na potopoto yao, nimewaweka kwenye bokali ya kioo dirishani, juu nimefunga kipande cha musitikeri, chandarua cha mbu. Nataka kuona hatua zao mpaka mwisho, niandike kwenye kazi yangu.

Baba anaichungulia ile bokali kila asubuhi kabla ya mswaki. Anasema anaangalia kama imevunjika.

Ijumaa, 14 Februari

Nimevua watano, nimepima. Kwa mkono wa baba bado upana wa kidole kimoja kinono. Ile salongo imetunyang'anya karibu wiki tatu za kukua. Walikaa bila kula, wakakonda, sasa ndiyo wanajaza nyama waliyopoteza. Vidudu vimerudi, urefu haurudi kwa siku moja.

Naogopa. Nimeandika, sasa limeandikwa. Kazi ya insititi itapita, hilo silitilii shaka hata kidogo. Ila kiziwa. Naweza kupata diploma ya kiziwa ambacho kimekuwa shimo la udongo.

Mawingu upande wa Komanda jioni. Hayakuleta kitu.

Jumatatu, 17 Februari

Nimevuta wavu, pembe imejaa, sikuhesabu mpaka mwisho. Lakini si hilo la leo.

Asubuhi baba amepiga kelele dirishani. "Roza! Roza, kuya!" Nilidhani nyoka. Ameshika bokali kwa mikono miwili. Ndani, juu ya maji, mnyoo mmoja umepasuka mgongo, na katika ile ngozi anatoka nzi mdogo, mwepesi, mwenye manyoya kichwani. Wengine wawili wamekwisha toka, wamekaa chini ya musitikeri wanakausha mabawa.

"Hii ninaijua," akasema. "Hii njo moshi."

Ndipo akaongea. Baba yangu, asiyetamka hata neno ziwa, ameongea mpaka chai ikapoa. Kule ziwani, asubuhi, nzi hawa wanainuka juu ya maji mamilioni, wanasimama kama moshi mweusi wa kijiji kinachoungua. Mvuvi akiona moshi anageuza mtumbwi, anakwenda chini yake, ndipo ngege wanono wako. Mama alikuwa anawakusanya kwa kikapu, anawaponda, anawachoma kama maandazi. Hata mimi nilikula, anasema, ila sikumbuki. Wazee walisema ziwa linapumua.

"Kumbe inatoka mu potopoto," akasema.

Nikamwambia ndiyo. Mnyoo ule ule mwekundu. Ile potopoto waliyoitoa kwa karai, ile ndiyo nyumba yake.

Alikaa. Aligeuza bokali. Macho yake yalilowa na hakuyafuta. "Maisha yangu yote nilikuwa ninavulia juu ya kitu sikuijue." Nilitaka kumshika bega, nikamshika.

Jumamosi, 22 Februari

Siku ya kupima. Safari amefika mapema, shati safi. Mama Esperansi pia ameshuka kilimani, anasema amekuja kuona mavi yake yamezaa nini.

Baba alivuta wavu mwenyewe. Aliutupa mara moja, ukafunguka mzima juu ya maji, Safari akapiga mluzi. Ngege wakatoka wakirukaruka, wana nguvu, wana rangi. Mimi niliona wazuri. Baba ameanza kupima. Wa kwanza akalazwa juu ya mkono: ukucha unabaki. Wa pili: ukucha na kidogo. Wa tatu amefika. Wa nne, wa tano, ukucha. Wa sita, ukucha.

Kwa Safari ilitosha. Alitoa simu mfukoni, akaanza kuwapigia watu wake.

Baba alichukua mmoja, akampasua tumbo kwa ukucha wa kidole gumba. Mara moja tu, kutoka huku mpaka huku. Wavuvi wa ziwa wote wanafanya hivyo kwa samaki wa kwanza, waone alikula wapi. Alikamua utumbo juu ya kiganja chake. Ukijani mzito, kama sombe iliyosagwa, na ndani yake minyoo myekundu, mingi, mingine bado mizima.

Alisimama na kile kiganja wazi muda mrefu. Safari alifunga simu.

"Iko inakula," baba akasema. Kisha: "Safari, kuya kesho asubui, mbele ya Misa. Nitakupa jibu."

Jibu gani? Kipimo ni kipimo, alikitoa mwenyewe mbele ya watu. Sikula. Nimekasirika na ukucha. Ukucha mmoja!

Jumapili, 23 Februari

Ameniamsha kwa kugonga ukuta. Nje kulikuwa na baridi, mwanga ndiyo unaingia bondeni. Alinishika mkono, akanipeleka kando ya kiziwa.

Juu ya pembe ya mbolea kulikuwa na moshi. Mdogo, upana wa sufuria, si zaidi. Unapanda, unashuka, unakunjamana. Nzi. Nzi wetu, hawakutoka kwenye bokali, wametoka chini wenyewe. Na maji chini yao yanachezacheza kwa midomo ya ngege.

Tulisimama pale. Baba alikuwa ameshika kofia mkononi.

Safari alifika na vijana wawili na majembe. Baba akamwonyesha kwa kidole. "Unaona ile?"

"Mbu," Safari akasema.

"Hapana mbu. Ile ni ziwa."

Safari alinitazama, kama kuniuliza tangu lini mzee amekuwa hivi. Akataja kipimo. Baba akakubali: kipimo ni kipimo, yeye si mutu wa kugeuza maneno. Akainama, akachukua ngege aliyekuwa kwenye ndoo tangu jana, akaushika mkono wangu, akaufungua, akamlaza juu yake. Mkia ulipita vidole vyangu.

"Kiziwa ni ya mutoto," akasema. "Nilikosea kupima na mukono yangu. Tupime na ya mwenyewe."

Safari alicheka, lakini alikuwa ameumia, hilo nililiona. "Na mabati, muzee? Mvua iko inakuya."

"Mvua inanyesha ata ku ziwa."

Safari ameondoka na vijana wake. Kalibu ameiacha, anasema atairudia kiangazi kijacho, tutakuwa tumelowa vya kutosha. Nimechelewa Misa, nimelia njia nzima, na sikuwa na huzuni hata ya dawa.

Jumatano, 5 Machi

Majivu ya Kwaresima asubuhi. Kilimani kwa Mama Esperansi na ngege sita, amenipa maziwa tena. Mwalimu amesoma kurasa za kwanza, anasema ile sehemu ya maji kusafishwa ndiyo nzuri kupita zote. Sikumwambia nani alisafisha.

Nyumbani tumekula samaki. Baba amekula kichwa, akanyonya mifupa, akanawa. Halafu akaenda kukaa kando ya kiziwa, juu ya kalibu ya Safari iliyopinduliwa, uso kwa maji.

Jioni mvua ya kwanza kubwa. Paa limevuja sehemu mbili, kisha nne. Tumepanga sufuria, karai, ndoo, hata bokali. Tumekaa katikati, tunasikia matone. Ndoo ilipojaa niliibeba kwenda mlangoni. Baba ameinua kichwa.

"Usimwage mu kiziwa," akasema. "Ile maji iko safi sana."